Kiungo

Pikipiki yangu imelala chini ya turubai miezi kumi na mmoja,
nyuma ya choo cha ploti, Kariobangi.
Kuku wa Mama Moraa ametagia kwenye kiti.
Mimi nililala wiki tisa tu.
Mfupa wa paja waliufunga kwa bamba na skrubu saba,
wakanionyesha picha: nyeupe juu ya nyeupe,
kana kwamba fundi amesahau spana ndani.
Skrubu za mguu zilipatikana kwa siku mbili.
Za pikipiki, ndugu yangu, zina safari.

Niliandika orodha nyuma ya risiti ya hospitali:
kabureta, waya ya klachi, breki shuu za nyuma,
plagi, gaskiti ya hedi, kiungo cha cheni.
Kerubo aliisoma akikatakata vitunguu.
"Viungo?" akasema. "Humu ndani viungo ni iliki na bizari.
Hivyo vingine nilishaviokota barabarani."

Sikumjibu. Nilivaa kwanza kiatu cha kulia,
kile kinachochukua muda.

Grogan asubuhi inanuka petroli na chapati,
tope lake jeusi hata kiangazi.
Vijana waliniita kabla sijafungua mdomo:
"Mzee, unatafuta nini? Mzee, ya modeli gani?"
Nina miaka thelathini na minne.
Ni mguu uliotangulia kuzeeka.

Waya nilipata kwa mia mbili, breki shuu kwa mia tatu na hamsini.
Plagi ilikuwa Mjapani kwenye boksi, ndani sijui kabila gani;
nikairudisha, nikapewa nyingine, nikakubali.
Gaskiti alinikatia Wangechi kwa mkasi,
karatasi nyekundu juu ya goti, ulimi nje,
kama mtu anayemshonea mtoto wake gauni la Krismasi.
Kiungo cha cheni hawauzi kimoja.
"Nunua cheni nzima," wote walisema,
utadhani wamekula kiapo.

Kabureta ilikuwa kwa Njuki,
ngazi tatu chini, upande wa mto,
bado imefungwa kwenye fremu yake.
Tangi limepakwa manjano, na mchoraji mwenye mkono mzuri
ameandika: BABA MAPACHA.
Chini yake, kwa ncha ya msumari,
herufi za mtoto, zimepinda kuelekea mfuniko:
*na mimi*.

Niliuliza mwenyewe yuko wapi.
Njuki alitafuta spana namba kumi kwa muda mrefu,
na ilikuwa mkononi mwake.
"Unanunua kabureta au unaandika historia?"
Alipoifungua, petroli kidogo ikamtiririkia kiganjani,
iliyobaki humo, ya kufika stejini labda.
Sikubishana bei.
Njuki aliniangalia kama mtu aliyeibiwa.

Jioni Muindi alifunga kila kitu, akabaki na cheni mikononi,
ncha mbili zinazotazamana kama majirani waliokosana.
Kerubo alitoka na kopo la iliki.
Alitia vidole ndani, akachimba,
akaweka kwenye kiti, kando ya yai,
kipande cha chuma kidogo kuliko ukucha.
Siku ile aliokota kiatu changu, simu, na hiki.
Hakujua ni cha nini.
Alijua tu kwamba kilikuwa chetu.

Kiki ya pikipiki iko upande wa kulia.
Hilo nilikuwa nimelisahau.
Muindi aliipiga mara ya kwanza, ya pili, ya tano.
Ya sita ikakohoa, ikatema moshi wa bluu,
ikanguruma hadi madirisha ya ploti yakafunguka.
Kulikuwa na harufu ya petroli, na nyuma yake, iliki.

Nilishika klachi. Mkono ulikumbuka.
Paja likakumbuka vingine.

"Kesho," alisema Kerubo, macho kwenye cheni,
"hadi petroli stesheni, basi.
Na mimi."

Kuku alikuwa amerudi, anatafuta kiti chake.